"Went off" ni imezimika au imelia? Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia, tuvifungue taratibu

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nakaa mapokezi zamu ya usiku kwenye hoteli moja ndogo huku pwani, asubuhi moja akashuka mgeni macho mekundu kama pilipili, ananiambia "the alarm went off at three and nobody came". Mi nikampa pole, nikachukua kitabu cha zamu nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: alamu ya moshi chumba namba 12 imezimika saa tisa usiku, fundi aje aangalie. Kwani "off" si kuzima? Swichi ukutani imeandikwa ON na OFF, hata mtoto wa chekechea anajua. Fundi akaja, akapanda ngazi, akatoa betri akaweka mpya, akabonyeza ikalia piiii, akasema mbona nzima hii. Usiku uliofuata yule mgeni hakungoja asubuhi, alishuka saa tisa ileile na begi lake mkononi. Alamu ilikuwa inalia yenyewe bila moshi wowote, na sasa imepewa betri mpya, yaani ililia kwa afya njema.

"Went off" alimaanisha ililia. Mi nikaandika kinyume chake kabisa, na Kiingereza nilikuwa nimefaulu shuleni bana, tena vizuri tu.

Hivi vitenzi walimu wanaviita "phrasal verbs". Mi naviita vitenzi vyenye mkia, kwa sababu mbele kinakaa kitenzi kifupi cha kawaida tu, go, get, put, look, take, come, run, halafu nyuma kimebandikwa kaneno kadogo, up, off, out, in, on, down, na kale kaneno ndo kanageuza kila kitu. "Put" unaijua. "Off" unaijua. Ukiziweka pamoja inakuwa "put off", kuahirisha, na hamna sehemu kwenye put wala kwenye off palipoandikwa kuahirisha. Usidhani ni wewe tu unayeumia. Samuel Johnson, yule mzee wa London aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, kwenye dibaji yake aliandika kabisa kwamba hapa ndipo wageni wanapata taabu kubwa kuliko pote. Hilo jina la "phrasal verb" lenyewe lilikuja baadaye sana, mwandishi Logan Pearsall Smith alilieneza mwaka 1925, akasema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Kitu kilikuwepo karne na karne, jina ndo la juzi.

Na kabla hujawalaani Waingereza, mfikirie Mzungu anayejifunza Kiswahili anakutana na "piga". Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga deki, piga picha, piga chabo. Maskini anajiuliza mbona hawa watu wanapiga vitu vyote, simu imekosa nini? Halafu akimaliza hapo anakutana na "kula": kula kiapo, kula hasara, kula njama, kula chumvi nyingi. Hatuoni shida kwa sababu hatuzitafsiri, kwetu "piga pasi" ni neno moja lililokaa kwenye viti viwili. Basi "put off" nayo ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba sisi baada ya kitenzi tunaweka jina la kitu, wao wanaweka kaneno ka mahali.

Sasa kwa nini wanafanya hivyo wakati wana "postpone" imekaa pale kabatini safi kabisa? Hapa kuna stori ndefu kidogo. Kiingereza cha zamani kilikuwa na vitenzi vingi vyenye kichwa badala ya mkia, kale kaneno kalikaa mbele, na mabaki yake bado yapo, ukiangalia "understand", "withstand", "forgive", "overcome". Taratibu, karne baada ya karne, mtindo ukageuka, kaneno kakahamia nyuma. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1066, Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa karne kama tatu hivi wakubwa walikuwa wanaongea Kifaransa, mahakamani Kifaransa, makanisani na kwenye vitabu vya wasomi Kilatini, mtu wa shambani na jikoni ndo kabaki na Kiingereza chake. Matokeo yake lugha ikawa na magunia mawili. Gunia la wasomi: postpone, extinguish, tolerate, investigate, continue. Gunia la nyumbani: put off, put out, put up with, look into, go on. Maana karibu ileile, ila moja imevaa tai na nyingine imevaa kanga.

Kitu kama hicho hata sisi tunacho. Kuahirisha ni ya Kiarabu, kusogeza mbele ni yetu ya Kibantu. Kusubiri na kungoja. Kufahamu na kuelewa. Unajua kabisa ipi inaingia kwenye barua ya mkurugenzi na ipi unamwambia mdogo wako.

Na hapa ndo tatizo letu lilipo, kwa maoni yangu. Sisi Kiingereza hatukukipata jikoni kwa mtu. Tulikipata darasani, ofisini, kwenye fomu za serikali. Tulipewa gunia la tai. Ndo maana mtu wa huku anaweza kuandika ripoti ya kurasa 40 bila kosa, halafu anakaa na Waingereza watatu kwenye chai ya saa nne hasikii kitu, maana wale pale wanaongea gunia la kanga mwanzo mwisho. Upande wa pili na wao wakitusikia tunasema "kindly extinguish the light" wanahisi wapo mbele ya hakimu.

Turudi kwa mkia. Kosa langu la hotelini lilikuwa kuamini "off" ni kuzima. Siyo. Off ni kuachana, kitu kutoka pale kilipokuwa kimeshika. "Take off your shoes", kiatu kinaachana na mguu. "The plane took off", ndege imeachana na ardhi. "They cut off the water", bomba limeachana na chanzo. Taa ikiwa "off" ni kwa sababu imeachana na umeme, kuzima ni matokeo tu. Sasa fikiria mtego wa panya, umetegwa, umeshikiliwa, panya akigusa tu, pah! Umefyatuka. Hiyo ndo "go off". Bunduki "went off", imefyatuka. Bomu limelipuka. Alamu ilikuwa imetulia imejishikilia, kitu kikaigusa, ikaachia, ikalia. Maziwa nayo yakikaa sana "they've gone off", yameachana na uzima wake, yamechacha. Na mtu anaweza kukwambia "I've gone off coffee", kahawa haimpandi tena, wameachana.

Tena Kiswahili kinayo hii kitu ndani ya tumbo la neno. Funga, fungua. Tega, tegua. Kunja, kunjua. Fyata, kama mbwa anavyofyata mkia, halafu fyatua. Ile "u" tunayochomeka pale ndo kazi yake, kuachanisha kilichoshikana. Sisi mkia umeungana na mwili, wao mkia umekatwa ukawekwa pembeni, ila ni mkia.

"Up" nayo inadanganya. Mwanzoni ni juu, sawa, "stand up", "climb up". Lakini ukimimina maji kwenye glasi yanapanda mpaka juu, na yakifika juu ndo basi imejaa, mwisho. Kutoka hapo "up" ikachukua maana ya kumaliza kabisa, hamna kilichobaki. "Eat" ni kula, "eat up" ni kula mpaka sahani iwe nyeupe. "Use up", "tear up", "dry up". Ndo maana nyumba inaweza "burn down" kwa sababu imeteketea mpaka chini, na karatasi "burn up" kwa sababu imekwisha yote, usitafute juu wala chini pale, tafuta kwisha. "Fill in" na "fill out" kwenye fomu ni kitu kimoja, Uingereza utasikia zaidi ya kwanza, Marekani ya pili, usiumize kichwa.

"Out" ni kutoka, ama kutoka gizani kuja hadharani, kama "find out", kugundua, ama kutoka mpaka kwisha, kama "we've run out of sugar", sukari imetuishia. Moto "put out" ni umezimwa. Na kuna mmoja naupenda sana, mahakama "threw out the case", imetupilia mbali kesi. Angalia, Kiswahili na Kiingereza havijuani, ila majaji wa pande zote wanarusha makaratasi nje! Hapohapo kuwa makini na "pass out" na "pass away". Ya kwanza ni kuzimia, ya pili ni kufariki. Ukituma kwa bosi "my grandmother passed out" atakujibu umpe maji na umpepee, wakati wewe unaomba ruhusa ya msiba. Na ukisikia "passing-out parade" ya askari, hamna aliyezimia, ni gwaride la kuhitimu, japo kwa jua lile lolote linawezekana.

Sasa mtego ambao sijaona vitabu vyetu vikiuongelea ipasavyo, mbele na nyuma. Dada mmoja namfahamu aliitwa usaili wa kazi Alhamisi. Ikaja imeili: "your interview has been brought forward to Tuesday". Akasoma "forward", mbele, akasema afadhali, wamesogeza mbele, ngoja nijiandae vizuri, itakuwa Jumanne ya wiki inayofuata. Ilikuwa Jumanne ya wiki ileile. Nafasi ikaenda. Na hakukosea kijinga, kwa Kiswahili mkutano ukisogezwa mbele umechelewa, kwa sababu sisi tunauona kama upo njiani mbele yetu na mtu kausukuma ukaenda mbali zaidi. Mwingereza akisema "bring forward" yeye kauvuta uje kwake, umekaribia. Na "push back", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno ni kusukuma nyuma, ndo kuchelewesha. Kinyume kabisa na sisi. Wenyewe kwa wenyewe ukiwaambia "the meeting has been moved forward two days" wanaanza kubishana ni kabla au baada. Ushauri wangu, ukiona forward au back kwenye ratiba yoyote usifikirie, uliza tarehe.

Kuna sehemu moja ambayo Mswahili angetakiwa kuwa bingwa ila tunaifeli, nayo ni ile "it" inakaa wapi. Unaweza kusema "turn off the light" na unaweza kusema "turn the light off", zote sawa. Lakini ukitumia it lazima iingie katikati, "turn it off", ukisema "turn off it" Mwingereza anakuangalia kama umetafuna mchanga. Watu wanakariri hii kanuni kwa jasho, wakati ipo kinywani mwao tangu utoto. Unasema "nimezima taa", taa imekaa nyuma. Ukishaijua taa yenyewe unasema "nimeizima", ile "i" imeingia katikati ya kitenzi. Huwezi kusema "nimezima i". Jina zito linakaa nje, kiwakilishi kidogo kinaingia ndani. Hiyohiyo.

Shida ni kwamba sio vyote vinafunguka katikati. "Look for" haifunguki, "I'm looking for it", basi, hakuna "looking it for". Utajuaje? Sikiliza sauti. Mtu akisema "turn it OFF" uzito unaangukia kwenye mkia, akisema "LOOK for it" uzito upo kwenye kitenzi, mkia unapita kimyakimya. Mkia wenye uzito unaruhusu kitu kupita katikati, mkia mwepesi umegandana na kinachofuata. Sio sheria ya chuma ila itakuvusha mara nyingi. Vile vya mikia miwili, "put up with", "run out of", "come up with", "get away with", vyenyewe huvunji, unaweka kila kitu mwisho: "I can't put up with him", simvumilii tena.

Kwa kuwa tumeigusa "look", ukoo wake ndo unaoongoza kwa kuaibisha watu kwenye imeili. Look for kutafuta, look after kutunza, look into kuchunguza, look up kutafuta neno kwenye kamusi, look up to kumheshimu mtu, look down on kumdharau. Ya kutunza usishangae, na sisi tunasema "niangalizie mtoto naenda sokoni mara moja", kuangalia kumekuwa kulea. Lakini "I look forward to", natarajia kwa hamu, karibu kila barua ya maombi ya kazi inafungwa nayo na nyingi zimekosewa: "I look forward to hear from you". Inatakiwa "hearing". Ile "to" sio ile ya "to eat, to go", ni mkia, na baada ya mkia anakaa jina, kama "I look forward to the wedding", kwa hiyo hear lazima ivae nguo za jina iwe hearing. Ukiweza kuweka "the wedding" pale na sentensi ikasimama, weka -ing.

Halafu tuna mikia yetu ya kienyeji. Huku Afrika Mashariki utasikia "cope up with the situation", wakati ni "cope with" tu, ile up tumeiongeza kwa ukarimu. Na kwingine tumeikata, "I'll pick you at the stage", Mkenya anaelewa, Mtanzania anaelewa, Mwingereza anasikia utamchagua yeye kati ya watu wengine pale stendi, kwa sababu kumpitia mtu na gari ni "pick up". Mi sioni dhambi mkiongea wenyewe kwa wenyewe, lugha ikihamia mahali inaota mizizi, ila kwenye mtihani au kazi ya nje rudisha mkia pale unapokaa.

Pia angalia kichwa na mkia vikibadilishana. "Overtake" ni kuipita gari barabarani, ile tunayosema kuovateki. "Take over" ni kuchukua madaraka au kampuni. "Look over" ni kuipitia ripoti, "overlook" ni kutoiona au kuipuuza. Ukimwandikia bosi "I have overlooked your report" ukidhani umesema umeipitia, jiandae kuitwa.

Kujifunza je? Zile orodha za mia tano kwa mpangilio wa alfabeti sizishauri, utafika herufi C umeshasahau A. Mi kilichonisaidia ni mpira. Weka mechi yenye mtangazaji wa Kiingereza, dakika 90 unamwagiwa mikia huku picha inakutafsiria: kick off, mpira unaanza, "he's coming off", anatoka, "they bring on" fulani, wanamwingiza, "knocked out", wametolewa mashindanoni, "he's been sent off", kala kadi nyekundu. Unaona kitu na unasikia neno lake sekunde ileile, hamna kamusi inayofanya hivyo.

Na nyingi ulishazimeza bila kujua, zikiwa zimeshageuka majina. Pikapu ya kubebea matofali ni pick up. Mekapu ni make up, tekiawei ya chipsi ni take away, bekapu ya simu ni back up. Kwa Kiingereza zikiwa jina zinaungana au zinapewa kistari, zikiwa kitendo zinaachana: unaweka "password" kwenye "login", ila wewe mwenyewe una-"log in", maneno mawili. Tovuti kibao zinakosea hapo, usizifuate.

Halafu ipo sendofu. Rafiki yangu mmoja Mwingereza, shabiki wa mpira kupindukia, alipewa kadi imeandikwa Send-off Party jina la binti chini, akaniuliza kwa masikitiko huyu dada kafanya kosa gani. Nikamwambia kwetu hiyo ni sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Neno ni lilelile, mkia ni uleule, off ya kuachana. Refa anatoa kadi nyekundu, kamati inatoa kadi ya mchango, na kote kuna mtu anatoka analia.